Nyumba iliyojengwa kwa kibali isigeuzwe haramu na kanuni mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowasumbua watu wengi wa mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, ingawa kila mmoja wetu hulibeba peke yake kana kwamba ni balaa la nyumba yake tu. Nazungumzia nyumba zilizojengwa kihalali, kwenye viwanja vilivyopimwa, kwa vibali vya wakati wake, ambazo leo, kwa kuwa kanuni zimebadilika, wenyewe wanaambiwa kwamba hawawezi hata kubadilisha bati mpaka nyumba hizo zifanane na zile zinazojengwa sasa.

Nyumba ninayoishi ilijengwa na marehemu babu yangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Karatasi za kibali chake tunazo hadi leo, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na risiti za kodi ya ardhi. Ni nyumba ya kawaida ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, stoo na choo. Masika yaliyopita bati zilikuwa zimekwisha kuliwa na kutu kiasi kwamba ukumbini tulikuwa tunapanga ndoo na mabeseni, na mama alikuwa akiamka usiku kuyamwaga yasije yakafurika. Tukachangishana ndugu wote, tukanunua bati za geji 28, mbao za kenchi na misumari, na fundi akaanza kazi Jumatatu.

Jumatano wakaja maofisa wawili wa halmashauri, ambayo sitaitaja kwa sababu hoja yangu haihusu ofisi moja. Mmoja alitoa futikamba akapima kutoka ukuta wa vyumba vya pembeni hadi kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, akapata sentimita 70. Akatueleza kwamba kanuni za sasa zinataka mita moja na nusu, na kwamba kibali cha kuezeka upya hakiwezi kutolewa mpaka tupeleke michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa inayoonyesha nafasi hiyo. Tulipomuuliza nafasi hiyo tuipate wapi, alijibu, tena kwa upole, kwamba tubomoe upande ule. Upande ule ni vyumba vitatu, yaani nusu ya nyumba. Kabla hawajaondoka, mwenzake aliandika ukutani kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI, kwa herufi kubwa kuliko dirisha, na chokaa ya ukuta huo ilivyochoka, sehemu ya neno ilibanduka siku hiyohiyo.

Nisieleweke vibaya. Sipingi mipango miji, wala sisemi kwamba ofisa yule alitunga sheria kichwani mwake. Nafasi kati ya nyumba na nyumba ina sababu zake: moto usiruke kutoka paa hadi paa, hewa ipite, maji ya mvua yapate njia, na gari la zimamoto liweze kusogea. Anayejenga leo kwenye kiwanja kipya na akaziba nafasi hiyo, huyo amevunja kanuni akiijua, na hana wa kumlaumu. Ninachouliza ni kuhusu aliyejenga kanuni hiyo ilipokuwa haijaandikwa, au ilipokuwa inasema vingine.

Mji wetu umebadilishiwa kanuni mara nyingi kuliko wengi wanavyokumbuka. Wajerumani walianza kuugawa kwa aina ya nyumba katika kanuni zao za ujenzi za 1891, wakitaka majengo ya Kizungu upande wa pwani na nyumba za wenyeji nyuma yake. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo kwa kanda, na katika Kanda ya Tatu, ambako ndiko Kariakoo ilikokuwa, nyumba za miti na udongo zilikuwa halali kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo mtawala alivyotaka Mwafrika aishi. Viwanja vya huko vilikuwa vidogo kwa makusudi. Baada ya hapo ukaja mpango kabambe wa 1949, ukaja wa 1968 na ukaja wa 1979, na katikati kukawa na Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 1956, ambayo ilidumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007. Nyumba ya babu ilikuwa na umri wa miaka kumi hivi mpango wa 1968 ulipotoka, ishirini ulipotoka ule wa 1979, na inakaribia hamsini sheria ya 2007 ilipopitishwa. Haijasogea hata inchi moja muda wote huo. Vipimo ndivyo vilivyokuwa vinaipita.

Ndiyo maana neno "ujenzi holela" linapotumiwa kwa nyumba kama hizi linanikera, nami si mtu wa kukereka upesi. Holela ni kujenga bila kuuliza. Babu aliuliza, akajibiwa kwa maandishi, akalipa ada, akajenga palepale alipoonyeshwa.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Serikali yenyewe imekwisha kukubali, mahali pengine, kwamba nyumba inaweza kuwa nje ya viwango na bado ikatambuliwa. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, kuanzia kifungu cha 56, imeweka utaratibu wa urasimishaji wa makazi, na kwa utaratibu huo watu waliojenga katika maeneo yasiyopangwa wanapimiwa viwanja kama vilivyo, na barabara za mtaa zinapitishwa pale zinapowezekana kupita, hata zikiwa nyembamba kuliko ambazo zingechorwa kwenye eneo jipya. Sheria hiyohiyo inatambua pia leseni za makazi. Mimi naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hili wanaishi katika maeneo hayo na hawana pengine pa kwenda. Lakini nikiwa na bahasha yangu ya kaki mkononi, najiuliza: ikiwa aliyejenga bila ramani ameweza kukubaliwa hivyo alivyo, aliyejenga kwa ramani anashindikanaje kukubaliwa? Hali ilivyo sasa, mwenye kibali cha zamani yuko pabaya kuliko asiyekuwa na kibali kabisa, kwa sababu huyu wa pili ametengenezewa mlango wa kuingilia na yule wa kwanza hakuna aliyemfikiria.

Hata kwenye barabara, ambako hatukuzoea kuona huruma, kanuni ya nani alitangulia inajulikana. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, waliokuwa ndani ya zile mita 22.5 waliwekewa alama ya X nyekundu na kuambiwa waondoke kwa gharama zao, wakati wale waliokutwa katika mita 7.5 zilizoongezwa waliwekewa X ya kijani, maana yake wao hawakuifuata barabara bali barabara ndiyo iliyowafuata, na kwa hiyo walistahili fidia. Najua malalamiko ya wenye X za kijani, kwamba fidia hukaa miaka mingi bila kuonekana na huku mtu haruhusiwi kuendeleza chochote. Malalamiko hayo ni ya kweli. Hata hivyo kanuni yenyewe ni nzuri, na mtoto wa darasa la saba anaielewa. Kwa nini basi isitumike kwenye ukuta ulio sentimita 70 kutoka kwenye bikoni? Huko kwetu hakuna rangi ya kijani. Iko nyekundu tu.

Wenzetu wamekutana na tatizo hili zamani, nasi tuliwarithi sheria bila kurithi busara yote iliyokuwa ndani yake. Uingereza ilipoweka sheria yake kubwa ya mipango miji ya 1947, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948, matumizi ya ardhi na majengo yaliyokuwa yakiendelea siku hiyo hayakuhitaji ruhusa mpya. Kilichotakiwa kuombewa ruhusa ni kile kilichokuja baadaye. New York, ilipotunga kanuni zake za kanda mwaka 1916, haikubomoa majengo marefu yaliyokuwa yamesimama tayari, hata lile jengo la Equitable lililomalizika mwaka uliotangulia, ambalo kivuli chake ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya watu wadai kanuni hizo. Lipo mpaka leo. Tangu wakati huo, miji mingi ya Marekani inafuata njia inayofanana: nyumba au biashara iliyokuwapo kihalali kabla ya kanuni inaendelea, inatunzwa, inatengenezwa, ila haipanuliwi, na ikiachwa bila kutumika kwa muda uliowekwa inapoteza haki hiyo.

Na hapa karibu tuna Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nani amewahi kupima vichochoro vya Mji Mkongwe kwa futikamba ya mita moja na nusu? Kuna sehemu ukinyoosha mikono yote miwili unagusa nyumba za watu wawili. Badala ya kuutaka mji ule ufanane na viwanja vipya, kilichofanyika ni kuutungia kanuni zinazoukubali ulivyo, ukawekewa mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sidai kwamba nyumba ya babu yangu ni urithi wa dunia; mlango wake hauna nakshi, una kufuli la Kichina. Ninachoonyesha ni kwamba panapokuwa na nia, kanuni hushonwa kwa kipimo cha mji. Na Zanzibar hiyohiyo inatufundisha upande wa pili wa jambo, kwa sababu Beit al-Ajaib, lile jengo la kale la kifalme, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha, na kila aliyeliona jengo lile miaka ile anajua lilikuwa limechoka muda mrefu. Jengo la kale lisipotengenezwa kwa wakati linaua.

Hapo ndipo penye uzito wa barua hii. Wanaotetea msimamo wa kuzuia ukarabati husema wanafanya hivyo kwa ajili ya usalama. Naomba tuutazame usalama huo kwa karibu. Fundi wetu aliposimamishwa, alikuwa amekwisha kuezua nusu ya paa. Nusu hiyo tuliifunika turubai. Mvua ya wiki mbili ikapenya, dari ya chumba cha katikati ikaanguka, na sasa ukuta ambao ulikuwa mkavu kwa zaidi ya miaka sitini una ufa ambao ninaweza kuingiza kidole cha shahada. Ukuta huo uko sentimita zilezile 70 kutoka kwenye bikoni. Haukusogea, umeongezewa hatari tu. Kanuni ya kutaka nyumba ziwe salama imeifanya nyumba moja isiwe salama, na haijampa jirani hata sentimita moja ya nafasi aliyokuwa hana.

Wakikutajia maafa ya majengo yaliyoporomoka jijini, yatazame vizuri. Lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013 lilikuwa ghorofa linaloendelea kujengwa. Lililoporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024 lilikuwa ghorofa la biashara. Yote mawili yalitutia msiba mkubwa, na sitaki kuyatumia kushinda hoja, lakini wala hayahusiani na nyumba za vyumba sita za baba na babu zetu. Umri wa nyumba si ugonjwa. Nyumba ya zamani na nyumba mpya zote zinatakiwa kukaguliwa na mhandisi, na ile itakayokutwa ni hatari iondolewe watu, iwe na kibali cha 1958 au cha mwaka jana. Hilo la usalama nalikubali bila kulipunguza. Kinachotakiwa ni kutenganisha maswali mawili ambayo sasa yanaulizwa kwa pamoja: je, nyumba hii itamwangukia mtu? Na je, nyumba hii inafanana na mchoro wa sasa? La kwanza halisubiri. La pili linaweza kusubiri mpaka nyumba imalize maisha yake.

Ninachoomba kwa wanaotunga na kusimamia kanuni hizi kinaweza kufanyika bila fedha nyingi. Kila mpango mpya unapotangazwa katika eneo lenye nyumba tayari, nyumba zilizopo kihalali siku hiyo zipimwe na kuandikwa kwenye jalada la kiwanja, na mwenye nyumba apewe cheti kifupi kinachosema nyumba yake ilikutwa, ina vipimo hivi, na inaruhusiwa kuendelea. Kazi ya kutengeneza kilichopo, yaani kuezeka upya, kupiga lipu, kubadili milango na madirisha, kuimarisha msingi, kuhamisha choo cha shimo kwenda kwenye karo, isihesabiwe kuwa ujenzi mpya madhali haiongezi eneo la nyumba wala urefu wake. Serikali ya mtaa ipewe taarifa, mwenyekiti agonge muhuri, fundi aendelee. Anayetaka kuongeza chumba au kupandisha ghorofa, huyo sasa afuate kanuni za leo kwa ile sehemu anayoiongeza. Hapo hana cha kulalamika.

Ipo hali ngumu zaidi, nayo ni nyumba iliyoungua au iliyobomolewa na mafuriko. Miji mingine husema ikiharibika zaidi ya nusu, inayojengwa upya lazima ifuate kanuni mpya. Kwa mtu mwenye kiwanja kikubwa hilo si tatizo. Kwa mwenye kiwanja kidogo cha mtaa wa zamani, ukitoa nafasi ya mbele, ya nyuma na ya pembeni zote zinazotakiwa, unabaki na kibanda cha walinzi. Mimi ningependekeza aliyepatwa na janga aruhusiwe kujenga juu ya msingi uleule katika muda utakaowekwa, tuseme miaka mitatu, kwa masharti kwamba kuta zinazomwelekea jirani ziwe za tofali za saruji na zisiwe na madirisha, ili moto usipite. Wataalamu wanaweza kuwa na sharti zuri kuliko hilo. Walitoe, tulisikie.

Lakini nikiomba kwa ajili ya nyumba za kuishi, sitaki nieleweke kwamba kila kilichotangulia kibaki milele. Mtaani kwetu kuna jirani mwenye gereji ya kuchomelea mageti, iliyoanza kabla eneo halijatangazwa kuwa la makazi. Ana haki yake, na ni mtu mwema. Milango ya msikiti wetu aliichomelea bure. Hata hivyo mwanga ule na kelele zile vinaingia kwa watoto wanaosoma, na rangi anayopuliza inaanikwa pamoja na nguo zetu. Shughuli ya namna hiyo inafaa kupewa muda wa kutosha ihame, ikiwezekana ionyeshwe na kiwanja cha kwenda. Los Angeles iliwahi kumpa mfanyabiashara wa vifaa vya mabomba, aliyekutwa ndani ya eneo la makazi, miaka mitano ya kuondoka, na mwaka 1954 mahakama ikaona muda huo ni wa haki. Miaka mitano jirani yangu angeipokea. Notisi ya siku saba, ambayo ndiyo tuliyozoea kuiona imebandikwa milangoni, haitoshi hata kuhamisha mashine moja.

Kuna jambo moja nalitaja kwa kifupi kwa kuwa sina ushahidi wa kumshtaki mtu yeyote. Tangu maneno yale mekundu yaandikwe ukutani kwetu, wamekuja watu watatu, kwa nyakati tofauti, kuuliza kama tunauza kiwanja, na bei waliyotaja ni ya mtu anayejua kwamba huwezi kutengeneza paa lako. Nyumba ambayo haiwezi kutengenezwa huuzwa kwa bei ya ardhi tu, na anayeinunua hujenga ghorofa kwa kuunganisha viwanja viwili au vitatu. Ikiwa hilo ndilo linalokusudiwa kwa mitaa ya zamani, basi litangazwe waziwazi, wananchi washirikishwe, na fidia iwe kamili, ya haki na ya kulipwa kwa wakati, kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyoelekeza. Kutuacha tunyeshewe mpaka tukubali bei si utaratibu ulioandikwa katika sheria yoyote niliyoisoma.

Bati zetu bado zimeegemezwa ukumbini, na mama akitaka kupita kwenda uani hupita kwa ubavu. Naziomba mamlaka zinazohusika na mipango miji, kupitia gazeti lako hili, zitujibu swali moja ili sote tujue tulipo: ni kifungu gani, cha sheria ipi, kinachomkataza mwenye nyumba iliyojengwa kwa kibali kuweka bati jipya mahali pa bati bovu, na ikiwa hakuna kifungu hicho, ni nani atakayefuta maandishi yale ukutani?

Mimi msomaji wako,
Mkazi wa mtaa wa zamani,
Dar es Salaam